Ndoo Mbili

Igandu, mwezi wa tisa. Upepo umekomba
hata nyayo za ng'ombe.
Tulichimba mashimo manne, kina cha mkono wa mtu,
kaskazini, kusini, mashariki, magharibi,
hatua sitini kutoka kwenye sanduku la chuma
ambalo watoto walilibatiza jeneza la paka.

Elektrodi ni kiziwi katika mchanga mkavu.
Inataka tope: mfinyanzi, chumvi kiasi,
na maji.
Maji alitoa Sechelela, mwenye shamba. Ndoo mbili
zilizosafiri kilomita sita juu ya kichwa cha bintiye.
Akatutazama tukimimina shimoni
kama mtu anayeona noti zikichomwa,
kisha akauliza, bila ukali:
"Mnatafuta maji kwa maji?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema upitishaji umeme,
nikasema koti la dunia, olivini, ukinzani,
mpaka Danford akanikanyaga mguu.
Nikaanza upya.
Radi ikipiga Kongo, mama, au jua likipiga chafya,
ardhi yote hushtuka kidogo.
Umeme hafifu unapita chini yetu, hata sasa,
chini ya kanga uliyoikalia.
Hatulipui kitu. Hatuna habari na dhahabu.
Tunatega sikio tu.
Wimbi la haraka huishia juu juu, kwenye kichanga hiki.
Lile zembe, linalokula nusu saa kupanda
na nusu saa kushuka,
ndilo linalozama mpaka huko tunakokutaka.

"Mtakaa siku ngapi?"
Wiki tatu.
"Kusikiliza."
Ndiyo.
Alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku ya nne mbuzi alitafuna waya wa mashariki.
Siku ya tisa fisi, au Danford alisema fisi;
meno yalikuwa ya panya.
Na kila treni ya umeme ilipokatiza kule relini
mstari wangu ulipatwa na degedege,
nikafuta dakika kumi na mbili, nikafuta nyingine,
daftari la utafiti likawa ratiba ya reli.
Ni kati ya saa saba na saa kumi usiku
ndipo dunia ilipokuwa peke yake,
nami nikiwa na tochi mdomoni, nikibadili betri,
nikiogopa hata kukohoa
ingawa najua sumaku haisikii kikohozi.

Machi, mjini, kompyuta ilimaliza kuchora.
Magharibi, mwamba mkongwe,
mkavu kama kisigino.
Lakini upande huu, ufa unakonyemelea,
kwenye kilomita tisini kwenda chini, umeme unapita bila kubisha hodi.
Labda ni mwamba ulioanza kuyeyuka.
Labda ni maji: si ziwa, si mto,
ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe, chembe kwa chembe,
yasiyoweza kulowesha hata ncha ya kidole.
Namba zangu haziwezi kuapa ni lipi.

Nilirudi Aprili na karatasi iliyochapwa kwa rangi.
Mvua ilikuwa imekatika mapema, uwele umesimama
magotini, umekataa kuendelea.
Sechelela akaweka kidole palipo na bluu.
"Maji haya hapa."
Hapana, mama. Bluu ni kukavu. Maji, kama yapo, ni hapa kwenye nyekundu.
"Nani alipanga hivyo?"
Sikuwa na jibu. Nilitamani kumjua mimi pia.
"Na ni mbali gani?"
Kilomita tisini. Kwenda chini.
Akamtazama bintiye, Melina, aliyekuwa anasuka kata ya kichwani.
"Huyu anakwenda sita," akasema,
akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya bati la jikoni
pamoja na kadi ya kliniki.

Nyuma ya gari nilikuwa na madumu mawili.
Nilikuwa nimeyajaza kwa bomba la chuoni
na nimeyafunga kwa mpira yasimwagike.
Aliyapokea. Alifungua moja, akaonja kwa ncha ya ulimi.
"Yana dawa," akasema.
Kisha, akimimina kwenye mtungi polepole,
akigeuza sikio kusikia linavyojaa:
"Yale ya kwangu hayakuwa na dawa."